Farewell My Concubine: maswali ambayo watazamaji hawaachi kuuliza

Majibu ya sehemu mbili za mwanzo hayafichui mwisho wa filamu. Kuanzia sehemu ya wahusika tunaeleza kila kitu, vifo vikiwemo. Kama hujaitazama, ishia swali la 10, uitazame, kisha urudi.

## Kabla ya kutazama

1. Ni filamu ya nini hasa?

Ni filamu ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Chen Kaige, kutokana na riwaya ya Lilian Lee, mwandishi wa kike wa Hong Kong. Kwa Kichina inaitwa Bawang Bie Ji, yaani mfalme mbabe anaagana na suria wake, na hilo ni jina la mchezo maarufu wa opera ya Beijing, sanaa ya jukwaani ya Kichina yenye kuimba na kucheza. Inafuata wavulana wawili waliolelewa katika chuo kimoja cha opera, kuanzia 1924 hadi 1977. Douzi anakua kuwa Cheng Dieyi (Leslie Cheung), anayecheza suria. Shitou anakua kuwa Duan Xiaolou (Zhang Fengyi), anayecheza mfalme. Wa tatu ni Juxian (Gong Li), mwanamke wa danguroni anayeolewa na Xiaolou.

Ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1993, tuzo iliyogawanywa kati yake na filamu ya Jane Campion, The Piano. Ni filamu ya kwanza ya lugha ya Kichina kuipata.

2. Naona kuna yenye dakika 157 na yenye dakika 171. Nichague ipi?

Ya dakika 171. Hiyo fupi ilipunguzwa kwa ajili ya kumbi za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 90, ikapoteza takriban dakika 14. Filamu hii imejengwa kwa mambo yanayorudi: neno lililosemwa utotoni linajibiwa miaka arobaini baadaye. Ukiondoa kipande kidogo huku, pigo la kule mwisho linapungua nguvu, na mtazamaji anabaki kusema wahusika wanabadilika ghafla bila sababu. Malalamiko hayo mara nyingi hutoka kwa walioona ile fupi.

Tangu 2023 lipo toleo lililosafishwa upya, kamili. Kabla ya kubonyeza, angalia muda ulioandikwa. Ukiona pungufu ya saa mbili na dakika hamsini, tafuta jingine. Usishtuke pia ukiona mitaa ya 1924 imekosa rangi mwanzoni. Imepigwa hivyo makusudi, rangi inakuja baadaye.

3. Ni nzito kiasi gani? Familia inaweza kukaa pamoja?

Nzito sana, na uzito wenyewe unaanza mapema. Kuna mtoto anayekatwa kidole na mama yake kwa kisu kipana cha jikoni. Kuna viboko vya watoto kwa muda mrefu. Kuna mtoto anayejinyonga, na mwingine anayedhalilishwa kingono na mzee (tendo lenyewe halionyeshwi lote, lakini hakuna shaka ya kilichotokea). Baadaye kuna uraibu wa kasumba, mimba inayoharibika katika vurugu, mateso ya hadharani, na watu wazima wawili wanaojiua.

Damu si nyingi kama unavyoweza kudhani. Kinachowaumiza watu ni sauti: kilio cha mtoto aliye nyuma ya ukuta, fimbo inayoendelea kuhesabiwa wakati kamera inatazama uso wa mtoto mwingine. Kwa watoto haifai kabisa. Na kwa mtu mzima aliyewahi kuumizwa utotoni, au aliyempoteza mtu kwa kujiua, asiitazame peke yake usiku.

4. Nilizima baada ya nusu saa. Kuna haja ya kurudi?

Ipo, ila si lazima uimalize kwa mkao mmoja. Sehemu ya chuoni ndiyo inayowakimbiza wengi, nayo inachukua karibu robo ya filamu. Baada yake ukatili unabadilika sura, unatoka kwenye fimbo unaingia kwenye maneno.

Maandishi ya miaka yanayotokea kwenye skrini yanakupa vituo vya kupumzika. Kikao cha kwanza kiishie pale wavulana wanapokuwa watu wazima, mkesha wa vita vya 1937 na Japani. Cha pili kiishie 1949, wakomunisti wanapoingia Beijing. Cha tatu ni kilichobaki, na hicho usikikate katikati. Usiiruke sehemu ya chuoni, kwa sababu swali la 7, la 12 na la 18 yote yanategemea ulichokiona pale.

5. Maandishi ya tafsiri chini ya skrini yananichanganya. Mbona wanaitana kaka?

Si ndugu wa damu. Dieyi anamwita Xiaolou kwa neno la Kichina linalomaanisha kaka tuliyefunzwa na mwalimu mmoja, aliyenitangulia. Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa hili haraka kuliko Mzungu, maana nasi humwita kaka mtu ambaye hatukuchangia naye titi. Mwalimu wao naye si mwalimu wa darasani. Ni fundi na wao ni wanagenzi: anawalisha, anawalaza, na mkataba wa mzazi umempa mamlaka juu ya miili yao.

Majina ya utotoni nayo yana maana. Douzi ni punje ya kunde. Shitou ni jiwe, na mara ya kwanza unapomwona anavunja tofali kwa kichwa chake mbele ya umati.

## Mambo ya jukwaani

6. Hadithi ya mfalme na suria ilitokea kweli?

Mfalme ni mtu wa historia. Xiang Yu, mtawala wa Chu, alizingirwa huko Gaixia mwaka 202 kabla ya Kristo na majeshi ya Liu Bang, ambaye ndiye aliyeanzisha utawala wa Han. Usiku alisikia nyimbo za kwao Chu zikiimbwa pande zote za kambi, akadhani nchi yake yote imekwishatekwa. Mwanahistoria wa kale Sima Qian anamtaja suria Yu akiwa naye usiku ule. Hasemi kwamba alijiua. Hilo liliongezwa na masimulizi ya baadaye, na jukwaa likalifanya kuwa kiini: suria anacheza ngoma ya mapanga kumliwaza bwana wake, kisha anautwaa upanga na kujikata koo asije akawa mzigo kwake.

Mchezo tunaoujua leo ulipata umbo lake mwaka 1922 kwa waigizaji wa opera Mei Lanfang na Yang Xiaolou. Ndiyo, Xiaolou huyo ana jina lilelile la mhusika wetu.

7. Kwa nini Douzi anakosea mstari uleule kila mara?

Mstari unatoka katika mchezo wa mtawa kijana anayetamani dunia ya nje. Mtawa anasema kwamba yeye kwa asili ni msichana, si mvulana. Douzi anageuza, anasema yeye kwa asili ni mvulana, si msichana. Anapigwa, anarudia, anageuza tena.

Kumbukumbu anayo nzuri. Anachokikataa ni kulitamka lile neno, na kwa mtoto huyu kulitamka ni jambo zito, kwa sababu kila kitu kingine kimeshachukuliwa. Mama amemwacha. Kidole cha sita amekatwa, maana mwenye vidole sita angewatisha watazamaji. Kilichobaki ni kusema yeye ni nani.

Siku tajiri wa ukumbi wa maonyesho anakuja kumjaribu, Douzi anakosea tena mbele yake. Anayemwadhibu safari hii ni Shitou, rafiki yake, yule aliyempa blanketi usiku wa kwanza. Anachukua kiko cha mwalimu na kukisokomeza kinywani mwa Douzi, anakizungusha. Damu inachuruzika pembeni ya midomo. Douzi anakaa kimya kidogo, anainuka, na anausema mstari bila kosa, kwa sauti laini na tabasamu. Tajiri anafurahi, chuo kinaokoka. Watazamaji wengi huliona tukio hili kuwa gumu kuliko hata la kidole, na tunakubaliana nao: kidole kilikatwa na mtu aliyekuwa anaondoka, kinywa kimeumizwa na mtu ambaye Douzi ataishi naye maisha yote.

8. Kwa nini wanaume wacheze wanawake? Hakukuwa na wanawake?

Chini ya watawala wa Qing, ufalme wa mwisho wa China, wanawake walikatazwa kupanda majukwaa ya Beijing. Wanaume wakaijenga sanaa nzima ya kuigiza mwanamke: sauti ya juu ya kubana koo, mwendo wa hatua fupi, namna ya kuelekeza vidole na kutupa jicho. Baada ya ufalme kuanguka wanawake walirudi jukwaani polepole, lakini nyota wakubwa wa miaka ya 1920 na 1930 walikuwa wanaume wanne: Mei Lanfang, Cheng Yanqiu, Shang Xiaoyun na Xun Huisheng.

Nafasi haichaguliwi na mtoto. Mwalimu anatazama sura, koo na mifupa, anaamua, na mchezaji anabaki katika nafasi hiyo hadi kufa. Ndiyo maana Dieyi hacheki mtu anapomwambia ule ni mchezo tu. Tangu utotoni hajapewa kingine.

9. Ule ubishi wa hatua tano au saba una maana gani?

Bwana Yuan, tajiri mpenzi wa opera, anamwambia Xiaolou kwamba mfalme anaporudi kambini lazima apige hatua saba, na yeye amepiga tano. Xiaolou anampuuza. Katika opera ya Beijing hatua ni maana. Jukwaa ni tupu, mara nyingi meza moja na viti viwili. Mjeledi ni farasi, mzunguko mmoja wa jukwaa ni safari ya mbali. Katika ulimwengu huo, hatua mbili pungufu zinamtoa mfalme kwenye ufalme.

Baadaye, Xiaolou anapohitaji msaada wa Yuan, tajiri anamuuliza upya: tano au saba? Xiaolou anajibu saba. Watu wanalipita hili haraka. Ni mara ya kwanza tunamwona akiinama, miaka mingi kabla ya 1966, mwaka wa Mapinduzi ya Utamaduni.

10. Watoto walikuwa wanapigwa kiasi kile kweli, au filamu imetia chumvi?

Mazoea yenyewe ni ya kweli. Kufundisha opera kuliitwa kuipiga opera iingie mwilini. Chuo kilichokuwa maarufu kuliko vyote Beijing, Fuliancheng, kilianzishwa 1904 na kudumu hadi 1948. Mwanafunzi aliingia kwa mkataba wa takriban miaka saba ambao humo hakuwa na mshahara wala hiari ya kuondoka. Kosa la mmoja liliweza kuadhibiwa kwa kupiga chumba kizima.

Jambo moja linawashangaza sana watazamaji: mwalimu anampiga hata aliyesoma sawasawa. Anaeleza mwenyewe kwamba anampiga ili akumbuke, na mara nyingine asome vivyo hivyo. Hilo nalo si ukichaa wa mtu mmoja, ni namna walivyoamini mwili unakumbuka.

Maumivu hayakuishia chuoni. Hata mchezaji mkubwa hufungwa kitambaa kichwani kwa nguvu hadi pembe za macho zipande juu, na kitambaa hicho kikikazwa vibaya huleta kichefuchefu na kuumwa kichwa katikati ya onyesho. Nywele za mashavuni za mchezaji wa nafasi ya kike zililowekwa katika utomvu wa maranda ya mbao, zikabandikwa mbichi usoni ili kuufinyanga uwe mwembamba. Zitazame picha za karibu za chumba cha kujipamba ukijua hilo. Dieyi anapotulia mbele ya kioo, kichwa kinamgonga.

## Wahusika

11. Laizi, mwanafunzi mwenzao chuoni, alijinyonga kwa nini, wakati alikuwa ndiye mwenye furaha?

Alitoroka na Douzi, wakaingia ukumbini, wakaona nyota mkubwa akicheza mfalme. Laizi akalia. Hakuwa analilia uzuri wa mchezo. Alijiuliza mtu yule alipigwa mara ngapi hata akafika pale, akapata jibu lake mwenyewe. Waliporudi, Douzi akiwa chini ya fimbo, Laizi alikula haraka matunda yake ya kuchovya katika sukari, aliyokuwa akiyasema kila siku kwamba ndicho kitu kitamu kuliko vyote duniani, kisha akaenda kujinyonga mashavu yakiwa yamejaa.

12. Dieyi anampenda Xiaolou kimapenzi, au ameuchukua mchezo kuwa maisha?

Swali hili linagawa watazamaji kuliko jingine lolote. Wapo wanaosema ni mapenzi ya mwanaume kwa mwanaume na filamu imeogopa kulisema wazi. Wapo wanaosema ni mtu aliyeharibiwa hadi akashindwa kutenganisha jukwaa na nyumba.

Kwetu, anampenda, na hakuna sababu ya kulikwepa neno. Lakini anampenda kwa lugha pekee aliyofundishwa. Mwalimu aliwafundisha kwamba maana ya mchezo wa suria ni kumfuata mmoja hadi mwisho. Kwa Xiaolou hilo ni somo la sanaa. Kwa Dieyi ni agizo. Anapomwambia Xiaolou waimbe pamoja maisha yote, anasisitiza kwamba ikipungua siku moja au saa moja, hayawi maisha yote. Xiaolou anamjibu kwamba jukwaani wazimu huo ni mzuri, lakini katikati ya watu wa kawaida wataishije? Hapo wote wawili wana haki, na ndiyo maana inauma.

Lawama moja tunaikubali: ukiitazama haraka, filamu inaweza kukupa wazo kwamba Dieyi amekuwa alivyo kwa sababu ya kiko na yule towashi mzee aliyemdhalilisha utotoni, kana kwamba mapenzi yake ni kidonda. Ni udhaifu wa kweli wa muundo wake.

13. Juxian ni mwanamke mbaya aliyewatenganisha?

Wengi wanaanza kwa kumchukia na kumaliza wakimlilia. Ni mjanja: anavua viatu na mapambo danguroni, anakwenda kwa Xiaolou peku, akisema amefukuzwa, kumbe amejikomboa kwa mali yake. Anamtaka mume na nyumba ya kawaida, na opera inasimama katikati. Kwenye filamu amepewa nafasi kubwa kuliko aliyonayo kitabuni, na ni uamuzi bora kabisa wa waandishi wa skripti.

Rudia tukio la Dieyi akijitoa kwenye kasumba. Anatetemeka, anamwita mama, anasema anahisi baridi na maji yameganda. Ni maneno yale aliyomwambia mama yake mtaani, kabla tu ya kukatwa kidole, huku mnoa visu akipita na kunadi kazi yake. Juxian hajui historia hiyo. Anamfunika tu, anamkumbatia kama mtoto. Naye ni mwanamke aliyewahi kupoteza mimba.

14. Xiaolou ni mwoga tu?

Ni shujaa wa tofali. Anaweza kujipasua kichwa mbele ya walevi, kumtemea Dieyi usoni kwa kuwaimbia Wajapani, kurushiana ngumi na askari. Hofu yake inakuja pale adui asipokuwa mtu mmoja mwenye uso. Aliyemtengeneza awe mfalme alimpa vazi na sauti tu. Xiaolou mwenyewe alijua hivyo siku zote, na tofauti yake na Dieyi ni hiyo.

Kuhusu kuwaimbia Wajapani: Dieyi alikwenda ili Xiaolou aachiwe. Mei Lanfang wa kweli, wakati wa uvamizi, alifuga masharubu ili asiweze kucheza nafasi za kike. Mtazamaji wa China anaulinganisha uamuzi wa Dieyi na masharubu hayo, hata kama filamu haiyataji.

15. Xiaosi aliwachukia kwa nini? Si walimlea?

Walimlea. Douzi alimwokota akiwa kichanga kilichotupwa, usiku uleule aliotoka kwa towashi. Lakini Dieyi alimfundisha kama alivyofundishwa, kwa adhabu, na Xiaosi ni kijana wa wakati ambao serikali mpya inamwambia adhabu hiyo ni ukandamizaji. Anachosema kina ukweli. Anachokifanya nao ni kuchukua nafasi ya mwalimu wake. Tukio lake la mwisho, peke yake mbele ya vipuli vya suria, linaonyesha alichokitamani muda wote.

16. Nimepoteza njia ya upanga. Ulipita kwa nani na nani?

Ulikuwa wa towashi Zhang. Shitou aliuona akasema angekuwa nao angekuwa mfalme na kumfanya Douzi malkia wake, na Douzi akaahidi kumpatia. Miaka baadaye Dieyi anaukuta kwa Bwana Yuan, anapewa kwa gharama ambayo filamu inaiacha nusu gizani. Anaupeleka kwa Xiaolou usiku wa posa yake na Juxian. Xiaolou anausifia kisha anauliza wa nini, na hawako jukwaani.

Baada ya vita, Dieyi aliposhtakiwa kwa usaliti, Juxian aliubeba hadi kwa Yuan kumkumbusha deni lake. Mwaka 1966 unatupwa motoni, na anayeuokoa ni Juxian huyohuyo. Anamkabidhi Dieyi kabla ya kwenda kujinyonga. Mwanamke aliyedhaniwa hasimu ndiye aliyeulinda mara mbili.

## Mwaka 1966

17. Uchomaji wa mavazi na mateso ya hadharani yalitokea kweli?

Ndiyo. Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kiongozi wa China Mao Zedong dhidi ya mila na watu wa zamani, yalianza Mei 1966. Tarehe 23 Agosti mwaka huo, kwenye Hekalu la Confucius hapo Beijing, Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, waliwasha moto wa mavazi na vifaa vya opera na kuwapigisha magoti waandishi na wasanii kuuzunguka. Mmoja wao alikuwa mwandishi Lao She. Alipigwa, na muda mfupi baadaye akakutwa amekufa katika ziwa la Taiping. Opera za zamani ziliondolewa majukwaani na nafasi ikachukuliwa na michezo michache ya mfano iliyosimamiwa na Jiang Qing, mke wa Mao.

Chen Kaige alizaliwa Beijing mwaka 1952, na akiwa kijana wa Mapinduzi alimshutumu baba yake hadharani. Amelisema hilo mwenyewe. Baba huyo, Chen Huaikai, aliyekuwa pia mwongozaji, ndiye aliyekuja kuwa mshauri wa kisanaa wa filamu hii.

18. Kwa nini wanasalitiana wote, mmoja baada ya mwingine?

Fuata mpangilio. Xiaolou anaanza na madogo kuhusu Dieyi: anapenda opera kupita kiasi, aliimbia yeyote aliyekaa kumsikiliza. Anasukumwa, anaendelea hadi kasumba, hadi Yuan. Juxian anapiga kelele akimsihi anyamaze. Dieyi, vipodozi vikimtiririka usoni, anamgeukia Juxian na kutangaza alikotoka. Ndipo wanamuuliza Xiaolou kama anampenda mwanamke huyo, naye anasema hampendi, anajitenga naye.

Hakuna aliyesema uongo mkubwa hadi sentensi ile ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyoua. Juxian anakutwa amejinyonga akiwa katika vazi jekundu la harusi. Ukikumbuka kile kiko cha swali la 7, utaona Xiaolou ameshawahi kumuumiza ampendaye ili wenye nguvu waridhike. Safari ile chuo kiliokoka.

## Mwisho, na mengine madogo

19. Mabaya yalikuwa yamekwisha. Dieyi alijiua kwa nini?

Ni 1977, Kundi la Watu Wanne, yaani Jiang Qing na wenzake watatu, limekamatwa mwaka uliotangulia, wawili hawa wanafanya mazoezi kwenye ukumbi mtupu. Xiaolou, kwa utani, anaanza mstari wa mtawa. Dieyi anaumalizia kama alivyoumalizia utotoni: kwa asili ni mvulana. Xiaolou anamwambia amekosea tena. Kisha wanarudi kwenye mchezo, na Dieyi anauchomoa upanga kiunoni mwa mfalme.

Wengine wanasema alikufa kama suria, akiukamilisha mchezo. Wengine wanasema ule mstari ulimwamsha, akafa akiwa yeye mwenyewe. Tunaegemea la pili, kwa ushahidi mmoja: Xiaolou anapiga kelele kwa jina la jukwaani, Dieyi, halafu, karibu kwa mnong'ono, anaita Douzi.

20. Kitabu kinaisha hivyohivyo?

Hapana. Katika riwaya Dieyi hafi. Wanakutana tena Hong Kong wakiwa wazee, kisha kila mmoja anarudi kwenye maisha yake. Aliyevunjwa moyo na mwisho wa filamu asidhani kitabu kitamponya. Kuagana kule ni kwa baridi zaidi.

21. Ni Leslie Cheung mwenyewe anayezungumza na kuimba?

Uso, mikono na mwendo ni vyake. Alikuwa nyota wa Hong Kong mwenye lugha ya Kikantoni, akaenda Beijing kwa miezi kujifunza matamshi na opera. Sehemu kubwa ya mazungumzo imetiwa sauti na mwigizaji wa Beijing, Yang Lixin, na nyimbo za opera ni za waimbaji wa fani hiyo. Tazama vidole vyake katika ngoma ya mapanga, hakuna aliyemwazima hivyo. Alijiua tarehe 1 Aprili 2003, na tangu hapo wengi hawawezi kuutazama mwisho bila kumfikiria. Tunaomba tu vifo viwili hivi visichanganywe. Dieyi ni mhusika, Cheung alikuwa mtu.

22. Ni kweli ilipigwa marufuku China?

Ilionyeshwa Shanghai Julai 1993, ikaondolewa kumbini, ikarudi baadaye mwaka huohuo ikiwa imekatwa. Malalamiko yalihusu mapenzi ya Dieyi, picha ya Mapinduzi ya Utamaduni, na hasa kujiua kunakotokea 1977. Mhusika kufa wakati wa misukosuko kulivumilika kuliko kufa baada ya kutangazwa kwamba imekwisha.

23. Mwanzoni wanabishana miaka 21 au 22. Nani ana hesabu sahihi?

Dieyi. Mlinzi wa ukumbi anawauliza, Xiaolou anasema hawajaimba pamoja miaka 21, Dieyi anamsahihisha: 22. Xiaolou anasema hawajaonana miaka 10, Dieyi anamsahihisha tena: 11. Toa 11 kutoka 1977 unapata 1966, mwaka wa moto. Ukiitazama mara ya pili, sikiliza sauti ya Dieyi kwenye namba hizo. Anazitaja taratibu bila kumlaumu mtu, na Xiaolou anakubali haraka, kwa kicheko kidogo, na kuendelea na mengine.